Aliyehesabu Kuanzia Sifuri

Wiki ile baada ya kanivali, wakati wenzao bado wanajitoa pambo la kumetameta masikioni, watu wa quadrilha, ile ngoma ya jozi ya sikukuu za Juni, huwa tayari wako madukani wakigombania vitambaa vyake. Ndivyo tulivyo watu wa Recife. Sikukuu moja haijapoa, nyingine iko jikoni.

Duka la vitambaa nyuma ya soko la São José lilikuwa limefurika. Joto lilikuwa la kumkamua mtu, feni ya dari ilizunguka kwa kujilazimisha, na harufu ya pamba mpya ilichanganyika na ya samaki kutoka sokoni. Foleni haikuwepo, vilikuwepo viwiko tu. Muuzaji alipopaza sauti kuuliza nani alitangulia, mikono yote ilipanda juu, hata ya mtoto wa kubebwa.

Ndipo msichana mmoja mwenye jinzi iliyopauka na nywele nyingi zilizofungwa kwa kalamu ya risasi akajitokeza, akaanza kuwapanga watu kwa kidole. Jina lake Tainara. Alikuwa ametumwa na shangazi yake Zuleide, fundi cherehani wa huku kwetu mlimani, Alto José do Pinho, na alitaka kuwahi kurudi kazini.

"Sifuri," alisema, kidole kikimwelekea kijana mrefu aliyeegemea kaunta. "Moja. Mbili. Tatu. Bibi, wewe nne. Mimi tano. Haya, dada, hudumia."

Watu walitulia, maana mtu anayejiamini husikilizwa hata akisema ovyo. Kijana mrefu ndiye hakutulia. Alivaa shati la manjano lililofunguliwa vifungo viwili vya juu, filimbi ya mwalimu wa michezo ikining'inia kifuani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta sababu ya kucheka tangu asubuhi.

"Dada, samahani kidogo. Umeniita sifuri?"

"Nimekuhesabu tu."

"Mara ya mwisho kupewa sifuri nilikuwa shuleni, kwenye hesabu, na mama alinichapa."

Tainara alicheka kabla hajajizuia. "Sifuri ndiye wa kwanza, kaka. Kazini kwangu tunaanzia hapo."

"Kazi gani hiyo, nihamie?"

Alimweleza kwamba anaandika programu za kompyuta katika ofisi moja ya bandari ya zamani, na kwamba kwenye lugha anayoiandika, ukipanga vitu katika orodha, kile cha mbele kabisa kinakaa nafasi ya sifuri, kinachofuata nafasi ya moja. Mtu akikaa humo mchana kutwa, kidole chake husahau kuhesabu kibinadamu. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia muuzaji na kumwambia, kwa heshima zote, amhudumie sifuri.

Akanunua jora zima la chita, ile pamba nyekundu yenye maua makubwa ya manjano. Ilikuwa chita ileile ambayo Shangazi Zuleide alisema Tainara asirudi nyumbani bila hiyo, na lilikuwa jora la mwisho. Ikabidi msichana anywee, aombe. Kijana alimkatia mita zake bila kubishana, ila akataka namba ya simu, ati ajue chita yake itavaliwa na nani.

Tainara alipofika ofisini alikuta ujumbe unamsubiri. "Sifuri hapa. Jina la nyumbani ni Jadson. Kwenye orodha yako nafasi ya moja yuko nani?"

"Kazi yangu," alijibu. "Usiisukume."

"Siisukumi. Mimi niko mbele yake."

Tainara aliutazama ujumbe huo hadi Murilo, mwenzake wa dawati la pili, akamuuliza kama anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa ameanza kupenda, na kwa jinsi alivyokuwa amekaa muda mrefu bila kupenda, hakuitambua hali yenyewe. Simu ziliongezeka. Jadson alipiga wakati wa mapumziko ya shule anakofundisha michezo, kelele za watoto nyuma yake, kumuuliza tu amekula nini. Tainara alipiga akiwa ndani ya basi. Mwisho walikutana kwenye meza za nje huko bandari ya zamani, Tainara akiwa na gauni la kijani ambalo shangazi alilipunguza kiunoni bila kuulizwa, na wakaagiza caldinho, ule mchuzi mzito wa maharage unaonywewa kwenye vikombe vidogo.

Jadson alitaka kujua zaidi habari za sifuri. Mwanamume anayekuuliza kazi yako na kungoja jibu si wa kuachwa hivihivi, na Tainara alilijua hilo. Akavipanga vikombe mstari mmoja.

"Hii ni orodha. Kila mmoja ana nafasi yake. Ukimwongeza mtu nyuma, hakuna anayeshtuka. Ukimchomeka katikati, wa nyuma wote wanarudi hatua moja. Sasa ona ukimtoa mmoja." Akakinywa kikombe cha mbele, akakiweka kando, na kuvisukuma vilivyobaki vikasogea. "Aliyekuwa moja sasa ni sifuri."

"Kwa nini usiache pengo?"

"Orodha haikubali pengo. Mmoja akitoka, walio nyuma yake wote wanasogea mbele."

"Hata kama hawataki?"

"Hawaulizwi."

Jadson aliviangalia vikombe kama mtu anayeonewa. "Na wa mwisho kabisa mnamwitaje?"

"Hasi moja. Lugha yangu inahesabu hata kutokea nyuma."

"Kwa hiyo siku nikikuudhi nitakuwa hasi moja."

"Siku ukiniudhi nitakunywa," alisema Tainara, na akanywa kikombe kingine akimtazama machoni. Jadson alimbusu palepale, mbele ya muuza karanga, ambaye alisubiri wamalize ndipo akawauzia.

Sasa, Jadson alikuwa kiongozi wa kundi letu la quadrilha, Espiga de Ouro, na bwana harusi wake. Katikati ya ngoma huwa kuna harusi ya mchezo, na bila harusi hiyo hata ukicheza vipi waamuzi hawakuelewi. Bibi harusi ana mto tumboni, baba yake ana bunduki ya mbao, bwana harusi anatoroka akiburuzwa na polisi mpaka mbele ya padri, na watu wanakufa kwa kucheka. Kuwa bibi harusi ni heshima ambayo wasichana wa mlimani kwetu wamenuniana kwa ajili yake miaka nenda rudi. Mwaka uliopita aliyepewa alikuwa binamu yake Jadson. Watu wakasema upendeleo, viti vikaruka, wachezaji wazuri wakahamia kundi jingine.

Kwa hiyo mwaka huo iliapwa. Wasichana wapimwe, wapangwe kwenye orodha kwa alama zao. Anayetoroka mazoezi afutwe. Msichana atakayebaki juu kabisa ndiye bibi harusi, na mkono wa mtu usiguse orodha hiyo. Tainara, aliyekuwa amejiunga na kundi kwa ajili ya kuwa karibu na filimbi ile, alijitolea kuandika programu ya kufanya kazi hiyo. Ilikuwa mistari michache tu. Aliijaribu kwa majina ya kubuni, watoro akiwaweka hapa na pale, na watoro wote wakafutika. Alitabasamu, akafunga kompyuta, akaenda kucheza.

Na alicheza, jamani. Hakuna aliyemtegemea. Kumbe likizo zote za utotoni alikuwa kwa bibi yake huko Bezerros akicheza ngoma hizo, na miguu haikusahau. Alama zilipotoka, wa juu alikuwa Ivonete, akifuatiwa na Gleyce, na wa tatu yeye. Haukupita muda Ivonete akapata kazi Caruaru akahama. Gleyce naye akawekwa zamu za jioni kwenye kampuni ya kupokea simu, akawa haonekani mazoezini. Kila mtu alijua kuhesabu. Shangazi Zuleide alitoa kitambaa cheupe alichokuwa amekificha kabatini na kuanza kukata.

Gleyce huyu, lazima niseme, alikuwa mpenzi wa zamani wa Jadson. Waliachana vizuri, lakini mlima wetu hauachanishi watu upesi. Wapo waliokuwa bado wanasema Jadson wa Gleyce, hata mbele ya Tainara, na Tainara alikuwa akicheka huku anameza uchungu.

Jioni ya kutangazwa majina, alikuwa amesimama juu ya kigoda chumbani kwa shangazi, gauni jeupe likiwa limejaa pini, lesi ikimwasha shingoni. Hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa kuingia uwanjani akiwa ameshika mkono wa Jadson, watu wote wa mlimani wakitazama. Simu yake iliita mlio wa ujumbe, na ya shangazi, na ya jirani ukutani. Programu ilikuwa imemaliza kazi na kuwatumia wote matokeo.

Bwana harusi, Jadson. Bibi harusi, Gleyce.

Shangazi alisoma kwa sauti, akarudia, kisha akakaa juu ya pini. Tainara hakushuka kwenye kigoda. Kabla hajajua afanye nini, Jadson akapiga.

"Mpenzi, nimeona majina. Kumbe Gleyce umemsamehe mazoezi?"

"Mimi?"

"Si jina lake limebaki. Nikadhani labda umeogopa uwanja, ukaamua kumwachia."

"Jadson, usinichezee. Funguo za orodha ile tunazo watu wawili. Mimi sijaigusa."

"Wala mimi. Tuliapa."

"Basi kabakije?"

"Ndiyo nakuuliza wewe uliyeandika. Labda imekosea."

"Mashine haikosei. Mashine inafanya ilichoambiwa."

Shangazi Zuleide alikuwa akimpungia mkono aache, aache hapohapo, lakini Tainara aligeukia dirishani.

"Kwa hiyo mwongo ni mimi," alisema Jadson.

"Mimi sijasema hivyo."

"Umesema, Tai. Ila umesema kwa adabu."

Akakata. Tainara akalivua gauni na pini zake, likamchanachana mabega, na hakusikia maumivu mpaka kesho yake.

Hapo ningeweza kumshika nikamtikisa. Mtu ambaye ofisini huwaambia vijana wapya kila siku kwamba kosa huwa liko kwenye kazi yako mwenyewe, hakuifungua kazi yake mwenyewe hata mara moja. Murilo alimuuliza kama ameipitia tena ile programu. Alijibu kwamba ni mistari michache, ikosee wapi. Ukweli ni kwamba alikuwa na hasira, na hasira yake ilishahitaji mtu wa kulaumu, na mashine haina uso wa kununiwa.

Alijitoa kwenye ngoma. Jadson naye alifungwa mikono. Angemwondoa Gleyce ili amweke mpenzi wake, viti vya mwaka jana vingeruka tena. Alipomwacha, ilikuwa vilevile, maana wachezaji walijua Gleyce hakuhudhuria, na minong'ono ikaanza kwamba kiongozi ameingiza mkono ili amrudishe mtu wake. Wakubwa wa kundi walikubaliana mashindano yakiisha apokonywe filimbi ya uongozi. Siku moja alimtumia Tainara maneno machache. "Mimi sasa ni hasi moja?"

Tainara aliyasoma mara nyingi kuliko alivyowahi kukiri kwa mtu. Hakujibu. Usiku alilala na simu chini ya mto, na asubuhi jambo lake la kwanza lilikuwa kuiangalia, na haikuwa na kitu.

Ikafika mkesha wa Mtakatifu Yohane, kilele cha ngoma za Juni. Manyunyu tangu asubuhi, kuni zimepangwa mbele ya kila nyumba zikigoma kushika moto, moshi umejaa mlimani, na kila redio ina kodiani. Jioni hiyo Espiga de Ouro ingecheza kwenye uwanja wa Sítio Trindade mbele ya waamuzi. Shangazi Zuleide, aliyechoka kumwona mtoto wa kaka yake akizunguka nyumba kwa soksi, alimtuma duka la mikate la Casa Amarela akanunue pamonha, ile mikate ya mahindi mabichi ya kuchemshwa kwenye maganda. Tainara alitoka kama alivyo, na suruali ya kazini na shati jeupe la mikono mirefu.

Foleni ilikuwa imetoka nje hadi njiani. Tainara alipokuwa amekaribia mbele, mhudumu mmoja mwenye kofia ya karatasi alitoka kupunguza msongamano. Alianzia mbele akielekea nyuma, mtu kwa mtu. Aliyetaka uji mzito wa mahindi alimwondoa foleni akamwelekeza mlango wa pili. Aliyetaka pamonha alimpa kijikaratasi abaki.

Mbele kabisa alikuwa mzee mwenye mwavuli, nyuma yake bibi mmoja mfupi mwenye sweta, na nyuma ya bibi, Tainara. Mzee alitaka uji. Akatoka. Foleni ikasogea hatua moja mbele, mhudumu akapiga hatua moja nyuma, na Tainara akajikuta ameulizwa yeye, akajibu pamonha, akapewa kijikaratasi. Hakuwaza lolote juu ya foleni. Alikuwa akiwaza kwamba wakati huo Jadson anachorwa masharubu ya makaa.

Kwenye kaunta ndipo kelele zilipoanza. Yule bibi aliambiwa na mhudumu yuleyule hana kijikaratasi, arudi nyuma.

"Hujanipa," alisema bibi.

"Nimepita kila mtu, mama."

"Umepita, hujaniuliza. Yule mwenye mwavuli alipotoka mimi nilisogea mbele, wewe ukasogea nyuma, tukapishana."

"Mama, mimi kazi yangu ni hiyo tu. Siwezi kumruka mtu."

Wakibishana, Tainara alikuwa ameshahudumiwa, mfuko wa pamonha za moto mkononi. Alimtazama mhudumu, sura ile ya mtu anayejua kazi yake, na akaisikia sauti yake mwenyewe ya siku ile juu ya kigoda. Kisha akaiona orodha nzima, kama ile ya vikombe. Sifuri, Ivonete. Moja, Gleyce. Mbili, yeye. Programu yake ilianza mbele, ikamkuta Ivonete ni mtoro, ikamfuta. Orodha haikubali pengo, kwa hiyo Gleyce akasogea akakaa sifuri. Na programu, ikiwa imeshamaliza na sifuri, ikaenda kuangalia nafasi ya moja, ambako sasa alikaa Tainara. Gleyce hakuulizwa. Wakapishana. Alipoijaribu kwa majina ya kubuni aliwaweka watoro mbalimbali, hakuwahi kuwaweka wawili jirani. Ni kosa ambalo kila mwenye kazi hii huonywa nalo mwanzoni kabisa, kwamba usiikate orodha huku unatembea juu yake, tembea kwenye nakala au anzia nyuma. Yeye mwenyewe aliwaonya wenzake.

"Huyu bibi anasema kweli," alimwambia mhudumu, na sauti yake ilitetemeka kiasi kwamba bibi ndiye aliyemshika mkono yeye. "Hujamwona kwa sababu alisogea. Hana kosa. Msikilize."

Kisha akatoka mbio.

Alimpigia Jadson akiwa njiani, simu imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Alikimbia katikati ya moto wa kuni na watoto wenye fataki, viatu vya ofisini vikiteleza, mfuko wa pamonha ukimchoma paja, manyunyu yakimlowesha shati. Mama mmoja alimuuliza nani kafa. Hakuna aliyekufa. Alikuwa na furaha ya ajabu isiyokuwa na adabu, ya kujua kwamba mtu anayempenda hajawahi kumdanganya, na hofu kubwa kwamba amechelewa.

Sítio Trindade ilikuwa imejaa hadi kwenye miti. Bendera za karatasi zililowa zikashikana, zabumba, ile ngoma kubwa, ilikuwa ikidunda tumboni mwa watu, na uwanjani jozi za Espiga de Ouro zilizunguka, sketi nyekundu za maua ya manjano zikifunguka zote kwa pamoja. Tainara aliitambua chita yake. Alijipenyeza kwa viwiko, kama dukani siku ile, hadi kwenye uzio wa mbele.

Muziki ukakatika. Ilikuwa harusi. Gleyce alisimama katikati na shela na mto wake tumboni, padri akafungua kitabu cha mapishi, na Jadson, koti lenye viraka, kofia ya majani, masharubu ya makaa, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatimua mbio kama mchezo unavyotaka. Watu walipiga mayowe ya furaha. Aliruka uzio kuingia kwa watazamaji, akainua kichwa, akamkuta Tainara mbele yake, nywele zimemwagika usoni.

Alisimama.

"Jadson," alisema Tainara, akihema. "Ulikuwa unasema kweli."

"Tai, niko kazini."

"Programu ilikosea. Niliikosea mimi. Ivonete alipofutwa Gleyce akasogea, na mimi nikam..."

Hakumaliza. Polisi wa mchezo, Seu Biu, ambaye siku za kawaida ni muuza nyama wetu, alishafika na pingu za bati na kipaza sauti, akamkamata Jadson kwa kola. Seu Biu hajui kuacha mzaha upite. Akamgeukia Tainara, sauti ikitoka kwenye spika zote.

"Ahaa. Wewe dada ndiye unayemficha mhalifu? Jitetee mbele ya umma."

Akamwekea kipaza sauti mdomoni. Uwanja wote ulicheka ukidhani imepangwa. Tainara aliwaona wachezaji nyuma ya uzio, nyuso za mlimani zilizomteta Jadson mwezi mzima, na safu ya mbele akamwona Murilo wa ofisini na familia yake, mahindi mkononi. Angeweza kutania tu na kuondoka. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ninaitwa Tainara. Programu ya kupanga majina ya Espiga de Ouro niliiandika mimi. Ina kosa, na kosa ni langu. Jadson hakugusa orodha. Aliniambia hajagusa, nikamwona mwongo kwa sababu nilijiona mimi siwezi kukosea. Watu wa Espiga, mnaomsema, acheni. Nisemeni mimi."

Watazamaji walicheka bado, baadhi yao. Wachezaji hawakucheka. Mwenye kodiani alitoa sauti ndefu bila kukusudia, mkono wake umelegea. Kisha Gleyce akaja, ameshikilia mto usimponyoke, akamnyang'anya Tainara kipaza sauti.

"Na mimi niseme langu," alisema. "Nilikosa mazoezi, nilijua nimefutwa. Nilipoona jina langu nilishangaa, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kucheza. Mwanamume sikumtaka. Huyu anakoroma."

Uwanja ulianguka kwa kicheko. Jadson peke yake hakucheka. Alivua kofia ya majani, akajifuta masharubu kwa kiganja, weusi wa makaa ukamwenea shavu zima. Seu Biu, kwa mara ya kwanza maishani, aliona mwenyewe kwamba akipokee kipaza sauti kwa Gleyce na kukishusha, ila hakukizima, na sote tukasikia.

"Uliniumiza," alisema Jadson.

"Najua."

"Sikulala. Nilikuwa natamani nikuchukie, naona vikombe vya caldinho."

"Na mimi. Nilikuwa naamka kuangalia simu." Machozi yalimtoka Tainara na hakuyafuta. "Nakupenda, Jadson. Nilipaswa kuanzia hapo kabla ya kuuliza lolote. Kama umeshanitoa, sema."

Jadson alimtazama shati lililolowa, viatu vya tope, mfuko wa pamonha uliokuwa bado unafuka moshi.

"Orodha yangu ina mtu mmoja, Tai," alisema. "Ukitoka, hakuna wa kusogea mbele. Niambie utaolewa na mimi au utaninywa."

"Unaniuliza kweli au kwa mchezo?"

"Mchezo niliutoroka nilipovuka uzio. Nakuuliza kweli."

"Basi sitoki," alisema Tainara. "Nakubali. Sitoki."

Walikumbatiana pale kwenye matope, na zabumba ikapigwa bila mtu kuamuru. Wakubwa wa kundi walitazamana, na hakuna aliyezungumzia tena habari ya filimbi. Waamuzi walitukata alama kwa mavazi, maana suruali ya ofisini haimo kwenye kanuni za quadrilha, na mwaka ule hatukuchukua kombe. Lakini hayo yalikuja baadaye. Wakati ule padri alikuwa bado amesimama katikati ya uwanja na kitabu chake cha mapishi, anangoja. Gleyce akaingiza mkono chini ya gauni, akauchomoa ule mto, akamtupia Tainara juu ya uzio.

"Shika tumbo lako, bibi harusi," alimwambia. "Watu wanasubiri."

Tainara alimkabidhi Seu Biu pamonha za shangazi, akauchomeka mto ndani ya shati lake la kazini, akafunga vifungo, na Jadson akamsaidia kuruka uzio.